Uzito wa Bonge

Katika karakana ya Bonge ngazi haikuuzwa kabla ya kupandwa. Mteja angeweza kuja na haraka zake, akapiga honi nje, akasema mafundi wake wamekaa bure wanamsubiri; angeonyeshwa benchi akae. Kisha Bonge mwenyewe angeweka patasi chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akaiegemeza ngazi ukutani na kupanda. Alikuwa mtu wa mwili, si mchezo. Kitambi kilitangulia, mwenyewe akafuata. Akifika kwenye kipago cha juu kabisa, pale ambapo mtu mwenye akili zake hakanyagi, alikuwa akijirusharusha kama mtoto juu ya kitanda cha wazazi, mbao zikimlalamikia, halafu anashuka akitweta na kumwambia mteja, "Ikinibeba mimi, itakubeba wewe na ukoo wako." Wateja walicheka, wakajitwisha ngazi zao wakaenda, na aliyerudi kulalamika hakuwahi kuonekana.

Bonge alikufa mchana kweupe, ameketi kwenye benchi hilohilo la wateja, akisubiri chai ipoe. Moyo, walisema. Mkewe ndiye aliyekuwa amemletea hiyo chai. Alimgusa bega, akajua, kisha akakichukua kikombe na kukimwaga taratibu nje ya mlango, maana nzi walikuwa wameanza kukizunguka. Watu waliokuwepo walisema baadaye kwamba mwanamke yule ana roho ngumu. Wangejua! Mwanamke alikuwa amekufa ganzi. Unakaa vibaya juu ya mguu wako, ukisimama unauona mguu ni wako na unakanyaga, lakini chini hakusikiki. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima. Alizika, akapokea mikono ya watu, akaosha masufuria ya msiba, na chozi halikumtoka.

Karakana ikashikwa na mdogo wa marehemu. Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Zamani aliuza simu na vikava vya simu, akajulikana kwa ulimi mtamu na shati lililopigwa pasi. Unga wa nyumbani kwa shemeji yake haukukatika hata wiki moja. Mama yake mzazi, ambaye aliishi na huyo mjane tangu enzi za Bonge, alimpeleka kliniki mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Mafundi waliokuwepo aliwabakiza wote. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alijua kuuza, na alichokuwa akiuza hakukijua.

Mteja wa kwanza baada ya msiba alipokuja, ngazi ikaegemezwa ukutani kama kawaida, halafu watu wakatazamana. Nani apande? Fundi wa randa alikumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma. Fundi wa gundi akaenda kutafuta gundi. Hapo ndipo shemeji, yule mdogo wa marehemu, akapata wazo, na lilionekana wazo zuri kabisa. "Apande mke wa marehemu," alisema. "Wateja wakimwona yeye juu, wataona Bonge bado yupo."

Mjane akapanda. Siku hizo ukimwambia kaa, alikaa. Ukimwambia kula, alikula, na sahani ikiwa tupu aliendelea kushika kijiko mpaka mtu amnyang'anye. Alivaa suruali ya kazi ya mumewe, ameikaza kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya, akapanda mpaka juu, akajirusharusha kidogo alivyomwona mumewe akifanya, akashuka. Ngazi haikutoa hata mlio. Mteja alitikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Nyumba hii ina watu waaminifu," akalipa bila kuomba apunguziwe.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Habari zikaenea mjini, kwa maana watu wanapenda kitu kinachowagusa wakiwa wananunua. Wengine walikuja kutazama tu, wakaondoka na ngazi ambayo hawakuwa wamepanga kununua. Shemeji alikuwa akiwaambia, "Biashara haigombi, karibuni," na kuwasogezea benchi. Na yeye mjane, ukitaka ukweli wake, hakuchukia. Pale juu aliona paa la banda la nyuma na kichwa cha kila mtu, na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje.

Sasa hilo banda la nyuma. Bonge alikuwa akirundika humo mbao zake zikauke, ameziwekea vijiti katikati ili hewa ipite, na hakuna mwanadamu aliyeweza kumharakisha. Alizigonga kwa kifundo cha kidole kila asubuhi akipita, akizisikiliza, kisha anasema "bado" na kuendelea na safari yake ya chooni. Mkewe alimcheka kwa hilo miaka yote. Wateja walipoongezeka, mbao kavu zikaisha, na shemeji akaagiza nyingine moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kupasulia mbao. Zilikuja mbichi, ukizibonyeza kwa ukucha zinatoa maji. Zikaingia kwenye msumeno siku hiyohiyo.

Halafu ikaja rangi. Bonge hakupaka ngazi rangi katika maisha yake; alizisugua kwa mafuta tu, mnunuzi aone kila kifundo na kila ufa. "Ngazi yenye rangi," alisema, "ni mchumba anayekuja kutambulishwa amejifunika gubigubi. Jiulize anaficha nini." Mdogo mtu aliona ngazi za mafuta zinaonekana za kizamani. Akanunua makopo ya rangi ya manjano, na karakana nzima ikang'aa kama duka la peremende. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizi zilitembea kweli, zilifika mpaka miji ya mbali.

Mjane aliyaona yote hayo. Alikuwa ameshika ncha ya pili ya mbao za Bonge tangu walipooana; alijua ubao mbichi ukikauka ndani ya ngazi unasinyaa, na kipago kinalegea kwenye tundu lake; alijua rangi inafunika nini. Alijua hayo kama anavyojua jina lake. Lakini kujua kulilala tu ndani yake bila kumsumbua. Angeona kipago chenye kifundo katikati, angefikiri, hiki kibaya, kisha angekikanyaga na kwenda juu.

Aliyeanguka ni mpaka rangi mmoja, mtu mnene mwenye mizaha, rafiki wa marehemu. Alikuwa juu ya ngazi ya manjano kwenye ukuta wa ghorofa ya kwanza, akipaka chini ya paa, kipago kikachomoka upande mmoja, akaja chini na ndoo yake. Nyonga ilivunjika. Habari zilipofika karakana, shemeji alisema, "Masikini. Lazima aliiegemeza vibaya." Akatuma matunda na pole. Kazi ikaendelea.

Jumapili mjane na mama mkwe wake wakaenda kumtazama mgonjwa. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimekula nafasi yote, na miguu ya mgonjwa imenyooshwa kuelekea mlangoni hivi kwamba mgeni anaingia akiwa anaongea na nyayo. Mkewe aliwaletea viti, akasimama ukutani amekunja mikono. Hakuwakaribisha kwa neno zaidi ya hilo.

"Karibu, mama. Karibu, shemeji," mpaka rangi alisema. "Mnaniona nimekuwa bwana mkubwa, naletewa chakula kitandani."

"Utapona, baba," mama mkwe alisema.

"Daktari anasema nitatembea. Kupanda ndiyo hakuna tena." Alisema hayo bila hasira, akigeuza uso kumtazama mjane. "Unajua, nilipofika kuinunua niliona ile rangi, nikasita. Bonge hakuwa mtu wa rangi. Halafu nikakuona umepanda. Nikajiambia, aa, mke wa Bonge hawezi kunidanganya."

Mjane alisubiri. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapaswa kuchomwa na kitu. Alisubiri kichome, na hakikuchoma. Akasema, "Pole sana, shemeji," na maneno yakamtoka makavu kama ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mke wa mgonjwa alimtazama kwa chuki ya wazi, na hata hiyo haikumfikia.

Njiani kurudi mama mkwe alitembea polepole, mkono mmoja juu ya bega la mkwewe. Alikuwa bibi wa kusema, na kimya chake cha mtaa mzima hakikuwa cha kawaida. Walipofika kwenye ukuta wa shule alisimama apumzike.

"Mkwe wangu, hebu niulize. Wewe unapopanda zile ngazi, unapanda kwa nini?"

"Ili wateja waone zinabeba, mama."

"Zinabeba nini?"

Mjane hakuelewa.

"Mwanangu alikuwa akipanda na mwili wake," bibi alisema. "Nilimnyonyesha mwenyewe, najua alivyokuwa mzito. Wewe tangu tumzike umekonda, nikikushika hivi nashika mifupa. Ukienda juu huko ni sawa na kunguru ametua. Ngazi gani itamshindwa kunguru?"

Akauweka tena ule mkono wake begani, wakaendelea na safari. Bibi hakulirudia tena jambo hilo, maana lilimhusu mwanawe aliye hai, na mzazi hana pa kulitupa.

Tusidanganyane, kuna uongo unaosemwa kwa mdomo na kuna uongo wa kusimama tu mahali. Mjane aliufikiria wakati akichambua mboga, wakati akifunga mlango. Kila aliyeinunua ngazi ya manjano aliinunua kwa sababu yake. Aliliona jambo lote waziwazi, kama mtu anayetazama sinema bila sauti. Kesho yake asubuhi akaenda kwa shemeji yake, mbele ya mlango wa ofisi, akamwambia.

"Shemeji, mimi nisipande tena. Uzito wangu haujaribu kitu. Na mbao ni mbichi."

Shemeji aliketi. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. "Shemeji yangu," alisema, "unadhani mimi nalala kwa ajili ya yule mzee aliyeanguka? Lakini sikiliza. Alhamisi anakuja mama wa kampuni ya ujenzi. Anataka ngazi za maeneo yao yote ya kazi. Yote. Nikikosa hiyo, mafundi wanarudi makwao mwezi huu, na mimi na wewe na mama tunatazamana. Mbao kavu nitazipata wapi leo? Bonge alizisubiri miezi, mimi nani anisubiri? Tumpe huyu mama mzigo wake, halafu kuanzia hapo tutafanya kama alivyofanya kaka. Naapa. Wewe panda hiyo Alhamisi tu, iwe ya mwisho."

"Na watakaozipanda?"

"Si zote zitaharibika, shemeji. Moja moja ndiyo hutokea."

Alimaanisha kila neno. Watu wa namna hii ndio wanaochosha. Mwizi unamfunga, lakini huyu utamfunga kwa lipi? Mjane alimtazama akiongea, akaona shati lake limefungwa kifungo kimoja vibaya, akarudi kwenye kazi ya kufagia maranda. Hakukubali wala hakukataa. Shemeji alichukulia kwamba amekubali, kwa vile siku zote ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi ngazi zilisimama ua mzima, zimepangwa kwa urefu, rangi ya nyingine bado inanata. Mama wa kampuni alikuja na kofia ngumu kwapani na viatu vya kazi vyenye vumbi la kweli, akazikagua kwa utulivu. Hakuwa mwepesi wa kucheka. Mwisho akasema, "Nimesikia hapa ngazi hupandwa kwanza."

"Ndiyo desturi yetu tangu kaka yangu," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya kweli. Mafundi wakaiegemeza moja ndefu ukutani. "Na huyu hapa ni mjane wake. Karibu, shemeji."

Mjane alikwenda akasimama chini ya ngazi. Alishika miimo yake miwili ya pembeni. Usoni kwake, kwenye kipago cha usawa wa macho, rangi ilikuwa imetengeneza kidimbwi kidogo mahali ambapo kifundo kilikuwa kimezama. Kila mtu alimsubiri ainue mguu.

"Leo sipandi mimi," alisema. "Apande mwenye karakana."

Fundi wa gundi akakohoa. Shemeji alicheka kidogo, akamwangalia yule mama wa kampuni. "Shemeji yangu amechoka, tumsamehe. Fundi wa randa atatusaidia."

"Mimi mgongo," fundi wa randa alisema, akitazama chini.

"Mwenye karakana ni nani?" mama wa kampuni aliuliza.

Hapo hakukuwa na njia ya kuzunguka. Shemeji alivua saa yake, akaiweka mfukoni. Uso wake ulikuwa na tabasamu lile la kuuzia simu, lakini masikio yalikuwa yamebadilika rangi. Alipompita mjane alinong'ona, "Kwa nini unanifanyia hivi?" na akakanyaga kipago cha kwanza.

Mjane alirudi nyuma kumpisha. Alikuwa amelipanga hili tangu usiku wa jana, kwa kichwa baridi, na halikumtisha. Apande. Kikikatika, kikatike mbele ya mnunuzi, mambo yaishe. Alikunja mikono akatazama.

Na mtu anayepanda alikuwa na mgongo wa Bonge. Hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu siku zote alimwona kwa mbele, kwenye tabasamu na shati la pasi, na usoni hawakufanana. Kwa nyuma ni baba mmoja, mama mmoja: shingo ileile fupi yenye mkunjo, mabega yaleyale yanayopanda zamu kwa zamu, nyayo zilezile zinazotazama nje. Alikuwa mzito kama kaka yake. Kwenye kipago cha tano au cha sita ngazi ililia. Haikuwa ile sauti ya mbao kavu kulalamika, ambayo aliisikia maisha yake yote ya ndoa na kuizoea kama kikohozi cha mzee. Ilikuwa sauti laini, ya kitu chenye majimaji kinachoachia taratibu.

Aliogopa. Hofu ilimjia yote kwa pamoja, na nyuma ya hofu yakaja mengine yote ambayo hayakuja wakati wake: bega lile lisilojibu, kikombe cha chai, udongo. Akasikia sauti ya mwanamke inapiga kelele, "Shuka! Shuka, utakufa, shuka!" Alikuwa yeye. Alikuwa amejitupa kwenye ngazi, ameikumbatia kwa mikono na kifua, shavu limebanwa kwenye rangi mbichi.

Shemeji alishuka. Alishuka vibaya, akimkanyaga vidole, na mjane hakuachia mpaka miguu yake yote miwili ilipofika ardhini.

Mama wa kampuni alikuwa ameshavaa kofia yake. Alizipitia ngazi zilizobaki kwa macho, mara moja, kisha akamwangalia mjane ambaye sasa alikuwa amekaa chini kwenye maranda, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. "Pole, mama," alimwambia. Akatoka. Gari lake likasikika likiwaka nje, likaondoka.

Mafundi walijitawanya, kila mmoja akitafuta kitu cha kushika. Mjane alilia kwa muda mrefu. Alimlilia mumewe, akamlilia mpaka rangi kwenye kile chumba chake cha kubanana, akaililia na ile huruma ya wateja aliyoipokea kwa miezi yote bila kuistahili. Vidole vilivyokanyagwa vilianza kumuuma, vikauma zaidi na zaidi. Shemeji alisimama karibu yake, mikono imening'inia, hajui shemeji anayelia anashikwaje.

"Umetumaliza," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. Aliitazama ngazi. Ilikuwa imesimama palepale ukutani, nzima, ya manjano, hakuna kipago kilichokatika. "Na ingenibeba, shemeji. Tazama mwenyewe. Ingenibeba."

Mjane alifuta pua kwa kiwiko. Akainuka, akaenda kuishika miimo kwa mikono yake miwili, akakaza miguu chini.

"Basi panda," alimwambia. "Nimekushikilia."

Shemeji alikuja mpaka kwenye ngazi. Aliweka mkono mmoja juu ya kipago, akautazama, akautazama na ukuta kwenda juu. Alikaa hivyo mpaka mkono ukaganda kwenye rangi, na mguu hakuuinua.